Kwa Nini Mwaloni Mweupe Hauuzwi kwa Bei ya Mwekundu

Lalamiko linalotufikia kuliko mengine yote ni kwamba tunatoza bei ya juu kwa mwaloni mweupe, ilhali mwaloni mwekundu ukisharandwa na kupakwa vanishi haupambanuki nao kwa urahisi. Hivi karibuni mteja mmoja alitwambia waziwazi kuwa tumemwibia, nasi tunaona ni haki yake, na ya wengine wenye shaka kama yake, kuelezwa jambo hili kwa ukamilifu.

Miti yote miwili asili yake ni Amerika Kaskazini, na ugumu wake haupishani sana. Tofauti imo katika mishipa iliyopitisha maji mti ulipokuwa hai. Katika kiini cha mwaloni mweupe mishipa hiyo huzibwa na vijitando ambavyo mti wenyewe huviotesha, na ndiyo maana mapipa ya mvinyo na wiski huundwa kwa mbao zake. Mishipa ya mwekundu hubaki wazi. Asiyetuamini humpa fundi wetu nafasi ya kumwonyesha: kipande kifupi cha mwekundu huchovywa ncha moja majini, ncha ya pili ikapulizwa, na mapovu hutoka.

Mteja mmoja alikataa ushauri wetu, akataka kizingiti cha mlango wa nje kiwe cha mwekundu. Maji ya mvua yalipenya kwenye ncha za mbao, kizingiti kikaoza, naye akalipia mbao mpya, ufundi wa pili na kung'olewa kwa fremu ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Kwa kabati au meza ya ndani mwekundu unafaa kabisa, na tunaupendekeza bila kusita.

Skrubu nazo zimezua ugomvi mwingi. Mwaloni una tanini nyingi, yaani kemikali ya asili iliyomo ndani ya mbao, ambayo ikikutana na chuma cha kawaida penye unyevu huacha madoa meusi mfano wa wino, na mwenye samani hudhani ameuziwa mbao mbovu. Ndiyo sababu tunatumia skrubu zisizoshika kutu, ijapokuwa ni ghali. Mwenye benchi moja la bustani aliongeza vyuma vyake mwenyewe. Madoa tuliyatoa kwa asidi ya oksaliki, lakini kazi ya kuranda na kupaka upya ilimgharimu kuliko skrubu alizozikwepa.

Bei yetu hubeba pia muda wa kukausha, kwa kuwa mwaloni ukiharakishwa tanurini hupasuka ndani kwa ndani, na mipasuko hiyo huonekana ubao unapokatwa tu. Mbao za samani za ndani tunazishusha polepole hadi unyevu wa asilimia 6 hadi 8, na kila ubao tunaupima mbele ya mteja kabla hajalipa.