Siku ya Mwisho Unguja

Sae, Mbeya
Jumapili jioni

Mpendwa Mama Neema,

Kamwene! Nikusalimie kwa lugha ya kwenu kwanza. Naandika nimejitupia blanketi mabegani, mlima Loleza umejifunika ukungu tangu mchana na vidole vinagoma kushika kalamu. Wiki iliyopita saa hizi jasho lilikuwa linanitoka hadi kwenye kope. Tumefika salama, ingawa kwenye mlima wa Kitonga tulikaa zaidi ya saa moja nyuma ya foleni ya malori. Tulipopita Ipogolo ilikuwa usiku. Nikainua macho, nikaona taa za Iringa yenu kule juu, nikasema mwenzangu huyo amelala zake, mimi nimebanana kwenye kiti kimoja na mfuko wa dagaa.

Ulitaka nikusimulie Zanzibar yote. Siku 6 za kwanza sina cha kukueleza. Tulifikia kwa wifi yangu Fuoni, tukala kwake, tukalala kwake, watoto wakashinda baharini, Baba Lusajo akaungua mabega hata kulala chali hawezi. Mji Mkongwe wenyewe tuliuacha siku ya mwisho, na tuliuacha kwa makusudi, maana ule ni mji wa wenye dola. Msimu huu wazungu wamejaa, na bei nyingi zimepangwa kwa mifuko yao, kana kwamba shilingi siyo pesa. Baba Lusajo akatenga 200,000 kwenye bahasha ya kaki, akaishika kama cheti cha kuzaliwa. "Hii ndiyo ya kutembelea mji. Ikiisha, tunapanda daladala." Tulikuwa watu 5, pamoja na Mama.

Mama unamjua. Ameuza ndizi na maparachichi soko la Tukuyu miaka mingi, na kwake kuuliza bei ni sehemu ya salamu. Haulizi ili anunue, anauliza apate kujua dunia imefikia wapi. Tuliposhuka soko la Darajani, hata barabara hatujavuka, ameshauliza bei ya pweza, ya iliki, ya mkoba wa ukili na ya kanga, na kila jibu akalipokea na ile "Mh!" yake.

Ndipo akafika kwenye meza ya matunda. Akachukua parachichi, akalibonyeza karibu na kikonyo kwa kidole gumba, akalitikisa sikioni asikie kokwa.

"Shilingi ngapi hili, mwanangu?"

"Elfu mbili na mia tano, bibi."

Mama akalirudisha mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai. Akauliza linatoka wapi.

"La Mbeya hilo, bibi, ndiyo maana. La Mbeya halina nyuzi."

Mama Neema, ungeuona uso wake! Alinigeukia akasema, "Kumbe tumesafiri nalo." Yule kijana alipoelewa kwamba anaongea na mwenye miti, alicheka hadi akamtolea kiti. Basi wakakaa kupiga hesabu: mkulima anapata ngapi shambani, lori linachukua ngapi, Dar ushuru kiasi gani, boti kiasi gani, mangapi yanaozea njiani. Sisi wengine tumesimama juani, Lusajo analia kiu. Ilimchukua Mama karibu nusu saa kukubali kwamba kijana hamdhulumu mtu. "Basi mwizi ni barabara," akahukumu, akanyanyuka. Kijana akataka kumpa moja bure. Akakataa katakata: yeye arudi Tukuyu amebeba parachichi kutoka Unguja, watu watamwelewaje?

Kutoka pale hadi kanisa la Anglikana la Mkunazini si mbali. Limejengwa palipokuwa soko la watumwa, lile lililofungwa mwaka 1873. Nje yake kuna shimo, na ndani ya shimo sanamu za watu 5 wenye minyororo shingoni. Zimewekwa chini kiasi kwamba ukisimama ukingoni unazitazama utosini. Kijana anayetembeza wageni akaeleza njia za misafara, akaitaja Kilwa, akalitaja Ziwa Nyasa. Mama alikuwa amemshika Lusajo mkono. "Umesema Nyasa?" akauliza. "Ndiyo, bibi. Wengi walitoka huko." Nyanya yake Mama alikuwa mtu wa Matema, kando ya ziwa hilohilo. Alisimama pale muda mrefu, akamvuta Lusajo karibu yake, na hakusema neno mpaka tulipotoka getini. Siku nzima ile, hapo tu ndipo hakuuliza kitu bei yake.

Baba Lusajo naye, si unajua ni fundi umeme, alikuwa na hija yake: Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu. Jumba hilo alilijenga Sultani Barghash mwaka 1883, na ndilo lililotangulia kuwashwa taa za umeme kule. Bahati mbaya sehemu yake iliporomoka siku ya Krismasi 2020, na tulipofika lilikuwa bado mikononi mwa mafundi. Tukalitazama kwa nje. Alisimama kwenye uzio anachungulia kama anayetafuta mita, nikamwonea huruma.

Kosa letu kubwa lilikuwa juisi. Watoto walitaka kupanda juu ya paa la mgahawa mmoja waone bahari, na ukishapanda huwezi kukaa bure. Glasi 4 za juisi ya embe zikala 48,000, na kwenye risiti wakaongeza cha huduma. Mama hakuagiza. Alitoa chupa yake ya maji kwenye mkoba, akanywa mbele ya mhudumu bila wasiwasi wowote. Mimi niliona aibu wakati ule. Sasa naona aliyestahili kuona aibu ni mwenye juisi.

Jioni tukaishia Forodhani. Vijana wanajirusha baharini kutoka ukutani, mmoja baada ya mwingine, wengine kichwachini, na hilo halina kiingilio. Wanangu hawakutaka kitu kingine. Mishikaki ya kamba tuliipita haraka. Tukanunua urojo, bakuli 5, 3,000 kila moja, na ndicho chakula kilichotushibisha safari nzima: mchuzi mchachu wa embe, bajia, kachori, chipsi za muhogo na vipande vya viazi, wao wanaviita mbatata. Mama akatafuna kiazi kimoja polepole macho juu, akasema, "Hiki cha kwetu Isyonje." Sijui kama ulimi unaweza kujua mambo hayo. Ila nani angembishia? Na mwenye bakuli alipokuja, Mama akamuuliza gunia wananunua shilingi ngapi.

Kwenye bahasha zilibaki 11,000, zikatufikisha Fuoni. Boti yetu ilikuwa ya asubuhi sana.

Sasa mzigo wako. Nitautuma kwa basi la Jumatano linalotoka hapa saa 12 asubuhi, nitakupigia kukupa namba ya gari na ya kondakta, ukapokee Ipogolo. Karafuu zimo kwenye kopo la Blue Band. Alizinunua Mama Darajani kwa hela yake iliyokuwa kwenye pindo la kanga, akisema "za yule rafiki yako wa Iringa". Ukimpigia kumshukuru usimuulize bei, alipunguziwa mara tatu na bado inamuuma. Kopo analitaka. Chini ya kopo kuna maparachichi 6 ya kwake. Yale mawili ya juu yameiva, muyale siku hiyohiyo.

Msalimie Baba Neema na watoto.

Wako,
Mama Lusajo