Barua kwa mwanangu aliyeacha kuwasha jiko

Mwanangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Huku Muheza hatujambo sote. Baba yako anakusalimu, na bibi yako kila akimaliza swala ya magharibi ananiuliza kama ni kweli umeacha wali. Nimemjibu kuwa ni kweli, kwa sasa.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote. Unasema wiki nzima hujawasha jiko: asubuhi matunda, mchana kachumbari na karanga, usiku parachichi na tango. Unasema tumbo limekuwa jepesi na ule usingizi uliokuwa unakushika kazini kila saa nane mchana umekwisha. Nimefurahi, na sitakukataza. Chipsi mayai za kila siku, soda na vile vitumbua vinavyochuruzika mafuta ni vitu nilivyotamani uviache tangu ulipoanza kazi Dar. Ila nadhani wepesi unaousikia umetokana zaidi na hivyo ulivyoviacha kuliko na kuzima jiko. Nataka hilo lisikupotee. Moto haujakukosea kitu. Kuna vyakula haviuhitaji kabisa, kuna vingine bila huo moto ni sumu, na ni wajibu wako kuvijua kimoja kimoja kabla hujamfuata mtu wa kwenye simu anayesema kila kitu kiliwe kibichi.

Nianze na swali lako, maana limenishtua. Umeuliza kama unaweza kuotesha maharage mekundu ukayatia kwenye kachumbari. Hapana, mwanangu. Usionje hata kidogo. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini. Punje nne au tano mbichi zinatosha kumtapisha mtu mzima na kumharisha ndani ya saa chache. Kuotesha hakuiondoi. Dawa yake ni kuyaloweka usiku, kuyamwaga yale maji, kisha kuyachemsha kwa maji mapya yatokote kwelikweli kwa dakika 10 au zaidi, ndipo upunguze moto yaive. Ukiyaweka kwenye moto mdogo tangu mwanzo, maji yapate moto tu bila kutokota, sumu inaweza hata kuzidi kuliko yalivyokuwa mabichi. Nimewahi kuhudumia familia nzima zamu ya usiku, wote wametapika hadi wamelegea, na tulipouliza walichokula jibu lilikuwa maharage yaliyoishiwa mkaa katikati.

Choroko ndizo za kuotesha. Chambua, osha, loweka usiku kucha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, asubuhi mwaga maji, zifunike kwa kitambaa safi, kisha uzisuuze asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu utaona vimkia vyeupe. Hapo zinaliwa, na ni tamu ukitia ndimu na chumvi. Lakini ujue kuwa ule unyevu na joto vinavyoiotesha choroko vinakuza pia vijidudu. Ujerumani mwaka 2011 zaidi ya watu 50 walifariki na maelfu wakaugua kwa bakteria waliofuatiliwa hadi kwenye machipukizi ya uwatu, uwatu huu huu tunaoujua, tena katika nchi yenye maji safi na majokofu kila nyumba. Mimi ningekushauri uzitumbukize kwenye maji yanayotokota kwa muda mfupi kabla ya kula. Ukikataa, basi ule siku hiyo hiyo, zisilale mezani.

Sasa muhogo. Najua hapo Dar wapo wale vijana wa barabarani wanaomenya muhogo mbichi, wanakukatia na kipande cha nazi na karanga za kukaanga. Ni chakula kitamu na mimi mwenyewe nimekila mno nilipokuwa chuo cha uuguzi. Ule ni muhogo mtamu, na sumu yake ni kidogo. Muhogo mchungu ni habari nyingine. Una kiasi kikubwa cha kemikali inayogeuka sayanidi ukiutafuna, ndiyo maana wazee huumenya, huuloweka, huuanika siku nyingi ndipo wautwange unga. Nampula, kule Msumbiji, mwaka 1981 ukame ulipobana, watu walikosa cha kula zaidi ya muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha, na watu zaidi ya elfu moja, wengi wakiwa wanawake na watoto, walipooza miguu. Ugonjwa huo unaitwa konzo, na miguu ikishapooza hairudi ilivyokuwa. Umewahi kutokea na kwetu, mkoani Mara. Kwa hiyo ukionja kipande kikawa kichungu, tema, usimwonee haya muuzaji. Na usiufanye muhogo mbichi kuwa mlo wako wa kila siku, hata ule mtamu.

Na kisamvu! Nimeona kwenye picha uliyonitumia glasi ya juisi ya kijani. Kama ni mchicha kidogo, tango, tangawizi na ndimu, kunywa kwa raha zako. Kisamvu usikitie kwenye blenda abadani. Majani ya muhogo yana sumu ile ile, na mara nyingi huwa kali hata kuuzidi mzizi wenyewe. Unamkumbuka bibi yako na kinu chake, anavyokitwanga hadi kilainike kabisa, anakichemsha kwanza bila kufunika, harufu inatoka, ndipo tui linaingia mwishoni? Zile hatua zote zina kazi yake. Magimbi nayo usiyaguse mabichi, koo litakuwasha hadi machozi yakutoke.

Korosho utacheka, maana umeniandikia kwamba unanunua "korosho mbichi" kwa bei kubwa. Korosho za dukani karibu zote zimekwisha kuonja moto. Ganda lake lina mafuta yanayobabua ngozi, kwa hiyo kabla ya kubanguliwa kwa kawaida hukaangwa au hupitishwa kwenye mvuke. Kula tu, ni chakula kizuri, ila usilipie zaidi kwa sababu ya jina. Karanga uzichambue moja moja kwenye ungo. Iliyosinyaa, yenye ukungu au inayochachuka mdomoni itupe, kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu. Hiyo hata ukikaanga haiishi.

Ninachokihofia zaidi kuliko vyote ni maji. Mboga za majani zinazouzwa Dar baadhi yake hulimwa bonde la Msimbazi, na wewe unajua mto ule unapokea nini kutoka majumbani na viwandani. Mboga hiyo ukiipika, angalau vijidudu vinakufa. Ukiila mbichi unavimeza vizima. Wakati wa kipindupindu kilichoanza hapo hapo Dar mwezi wa Agosti 2015 tulikesha wodini, na kila mgonjwa tulimuuliza kwanza amekunywa nini na amekula nini kibichi. Kwa hiyo fanya hivi: tenganisha majani moja moja, yasuuze kwenye maji yanayotiririka mpaka mchanga uishe, kisha yaloweke kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, halafu suuza tena kwa maji ya kunywa. Chumvi na siki vinasaidia kuondoa wadudu na tope, lakini si kinga ya kuitegemea. Sabuni usitumie. Matunda nunua mazima, ukate mwenyewe, na tikiti au papai lioshe ganda kabla ya kulipasua, kwa maana kisu hupitisha uchafu wa nje ukaingia ndani. Kibao cha kukatia samaki usikikatie matunda. Na maziwa, mwanangu, chemsha. Mtu akikuambia maziwa mabichi ni dawa, mwambie mama yako amewauguza wenye homa ya brusela.

Umeniambia pia kuwa moto unaua vimeng'enya vya chakula na ndiyo maana tunachoka. Vimeng'enya vya kwenye mboga vingi huvunjwa na asidi ya tumbo vikifika huko, sawa na protini nyingine, na mwili unatengeneza vya kwake vya kusagia chakula. Katika hilo huna ulichokuwa unapoteza. Vitamini C ndiyo inayopotea kweli jikoni, na inapotea zaidi ukichemsha mboga muda mrefu na kumwaga maji yake. Hapo wana haki wanaosifu vibichi: pera moja, chungwa moja au kachumbari yenye pilipili hoho vinakupa unachohitaji. Lakini nyanya iliyopikwa na mafuta kidogo inatoa lakopini, ile rangi nyekundu yenye manufaa mwilini, kwa urahisi kuliko nyanya mbichi, na karoti vilevile ikipikwa mwili unachukua zaidi kile kinachogeuka vitamini A. Tazama hata Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wanaokula matunda ya mwituni, ubuyu na asali mbichi kuliko sisi sote. Mizizi wanaipitisha motoni, na nyama wanachoma. Profesa Richard Wrangham, aliyewafuatilia sokwe Gombe katika miaka ya 1970 na baadaye Kibale, Uganda, anaeleza kuwa sokwe hutumia kama saa sita kwa siku kutafuna tu, kwa kuwa chakula chake hakijalainishwa. Binadamu alipojua kupika alipata nafasi ya kufanya mambo mengine.

Sasa nikwambie linaloniuma kama mama. Watafiti wa Giessen, Ujerumani, waliwachunguza watu mamia waliokula vibichi kwa muda mrefu, na matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Walipungua uzito sana, na kati ya wanawake walio chini ya miaka 45, karibu asilimia 30 siku zao zilivurugika au zilikoma kabisa. Mwanamke akikosa siku zake kwa kukosa chakula, mifupa nayo inadhoofika. Wewe ulikuwa na upungufu wa damu kidato cha nne, tukahangaika na vidonge vya madini ya chuma mpaka ukamaliza mtihani. Nyama umeacha, dagaa umeacha, mayai umeacha. Vitamini B12 hutaipata kwenye tunda wala jani lolote. Ini lina akiba yake ya muda mrefu, kwa hiyo leo hutaona tofauti. Huisha polepole, na mtu akianza kuhisi ganzi vidoleni akiba imekwisha zamani.

Ombi langu ni hili. Asubuhi na mchana endelea na vibichi vyako, navyo vinakufaa. Usiku washa jiko. Pika maharage au kunde, dagaa au yai, na mchicha uliogeuzwa tu kwenye sufuria ukiwa bado kijani. Kamulia ndimu juu yake, chuma itapokelewa vizuri, na chai usinywe mpaka muda wa saa nzima upite baada ya kula. Kama umeshikilia kutokugusa chochote cha mnyama, basi nenda duka la dawa ununue vidonge vya B12 na unywe bila kukosa. Hili si la kujadiliana.

Nimempa dereva wa basi la asubuhi mfuko wa kijani, umeandikwa jina lako. Kuna machungwa na machenza ya shamba letu, maparachichi kutoka Lushoto ambayo bado magumu (yazungushie gazeti yaive), mapera, ubuyu na madafu. Machungwa usiyale kutwa nzima kidogo kidogo, asidi inakula meno. Kula kwa wakati mmoja, sukutua kwa maji, na usipige mswaki papo hapo, subiri nusu saa. Chini kabisa kuna dagaa wa Mwanza nimewafunga kwa nailoni mbili wasinukishe matunda. Nimewachambua vichwa na kuwakausha tena juani.

Jumamosi nenda kituo cha afya upime wingi wa damu, unitumie namba walizokuandikia kama zilivyo. Mwezi ujao upime tena. Siku zako zikichelewa, uzito ukishuka kwa kasi, au ukisikia kizunguzungu ukisimama, unanipigia siku hiyo hiyo, hata usiku. Na ukija Idd, inshallah, bibi yako ameshasema atapika samaki wa kupaka. Nimemwambia na bakuli kubwa la kachumbari liwepo, nitaiosha mwenyewe.

Wasalaam,
Mama yako