Mayai ya Pinki Shambani: Kwa Nini Tunarudi Mara Nne

Wiki jana niliitwa mwizi. Mteja wetu wa Tebere, mwenye ekari mbili za mpunga wa pishori, alinipigia kabla hata sijanawa uso: "Kijana, mliokota konokono mkala pesa yangu, na leo mabua yote yamejaa mayai tena." Nikamwambia, mzee wangu, tulikuja mara moja kwa sababu ulilipia mara moja. Akakata simu. Nikadandia boda boda nikamfuata.

Kazi yetu, kwa asiyeijua, ni kuokota konokono wa mpunga na mayai yake hapa Mwea. Konokono huyu ni mgeni. Kwao ni Amerika Kusini; alipelekwa Asia afugwe kwa ajili ya chakula, soko likakosekana, akaingia kwenye mashamba ya mpunga. Hapa kwetu Kenya aliripotiwa mwaka 2020. Anakata mche mchanga chini kabisa, karibu na tope, na usiku mmoja unatosha kukuachia kiwanja kitupu katikati ya shamba.

Nilipofika kwa mzee nilikuta shida si konokono tu. Baada ya sisi kuondoka, vijana wake walikuwa wamepita na fimbo wakiyapangua mayai yaanguke majini. Ndiyo njia ya mkato tunayokutana nayo kila wiki. Yai bichi, lile la pinki iliyokolea, likikaa majini muda mrefu huzama na kufa kweli, maana yai la konokono huyu huhitaji hewa. Lakini kichala, yaani fungu la mayai yaliyoshikana, kikishapauka, kikawa kama kimepakwa majivu, ndani mna vikonokono vilivyokamilika. Ukiviangusha majini umevipunguzia safari tu. Vichala vyake vilikuwa vimepauka. Nilichota maji kwa kiganja pembeni mwa tuta, nikamwonyesha: viduchu, kama mbegu za wimbi, vinatembea.

Jike hupanda juu usiku. Hutaga kwenye bua, kwenye ukuta wa mfereji, hata kwenye kigingi, na kichala kimoja kinaweza kuwa na mayai zaidi ya 200. Mayai huanguliwa baada ya wiki mbili hivi, kutegemea joto. Sasa piga hesabu mwenyewe: nikija leo nikaondoka nisirudi, yaliyotagwa kesho nani atayaokota? Ndiyo maana bei yetu ni ya ziara nne. Anayelipia moja amenunua robo ya kazi, halafu anadai kazi nzima.

Swali la pili huja na kejeli: "Kwani mayai hayaliwi na ndege? Acheni kuku wafanye kazi bure." Mama mmoja wa Wamumu alijaza debe zima, akayachemsha, akachanganya na pumba akawapa kuku. Wakubwa walidonoa kidogo wakajitenga. Vifaranga walikula kwa njaa, na wakadumaa. Siwezi kuapa kwamba ni mayai pekee, lakini nilichosoma baada ya hapo kilinifanya nisishangae.

Watafiti wa La Plata, Argentina, wamelichambua yai hili kwa miaka mingi. Yai la kuku tunalipenda kwa sababu kiini chake kimejaa mafuta na protini ambayo tumbo linaimeng'enya. La konokono huyu ni kinyume. Mafuta yake ni kidogo, na yamebebwa na protini. Nguvu anayoitegemea kiinitete inatoka zaidi kwenye sukari iitwayo galaktojeni. Protini iliyo nyingi kuliko zote, ovorubini, ndiyo inayoshikilia ile rangi ya pinki, ambayo ni ya ukoo mmoja na rangi ya heroe wa Ziwa Bogoria. Ovorubini haimeng'enyeki kirahisi tumboni, na huhimili joto la kukaribia nyuzi 95. Panya wa maabara waliolishwa majimaji ya mayai haya walikua polepole na utumbo wao ukabadilika umbo. Mna protini nyingine inaitwa PV2, hiyo ni sumu ya neva kabisa: panya waliodungwa walipooza miguu ya nyuma, wakafa.

Kwa hiyo ile rangi ni onyo. Mnyama anayethubutu kuyala ni nadra sana. Anayejulikana zaidi ni aina moja ya sisimizi wakali. Bata wanatusaidia, ndiyo, lakini wanakula vikonokono vidogo majini, siyo vichala juu ya mabua. Ukimpasua jike utaona tezi kubwa yenye rangi ileile ya mayai. Humo ndimo anamotengenezea silaha zake zote. Vibarua wangu wanavaa glavu, na atakayejifuta jicho kabla ya kunawa namrudisha nyumbani siku hiyo. Glavu zina bei. Hilo nalo huulizwa.

Halafu kuna wa dawa. Jirani mmoja alipulizia vichala dawa ya kunguni. Yai lina ganda la chokaa. Dawa ilitiririka ikaingia kwenye maji. Kambale wa mferejini walielea, bata wanne wa jirani yake wakafa, na baada ya siku tisa mayai yakaanguliwa kama kawaida. Alilipa bata, halafu akatuita sisi. Hesabu yake ilizidi ziara zetu nane.

Tunachofanya sisi hakina siri. Tunachomeka vijiti kando ya matuta ili majike watage hapo, tunakusanya vichala vikiwa bado vimekoza rangi, tunavisaga kwenye ndoo mbali na maji. Tunaweka wavu kwenye mlango wa maji. Tunakuomba upandikize miche iliyokomaa kidogo na uyaweke maji kina cha vidole viwili wiki za mwanzo, maana konokono anahitaji maji ya kutosha kufika kwenye mche. Wengi hawataki kusikia hili la maji, na tangu Bwawa la Thiba, linaloleta maji Mwea, lizinduliwe mwaka 2022 ndio wamezidi.

Jambo moja nakiri tulikuwa hatulielezi vizuri. Shamba likikauka, konokono hafi. Anajifungia kwa kifuniko chake, anazama topeni, na anaweza kukaa hivyo miezi akijilisha akiba ya mwili wake. Ukifungulia maji, anaamka. Hao hatukuwaacha sisi, hatukuweza kuwaona. Kuanzia msimu huu ziara ya kwanza tutaifanya siku ya tatu baada ya maji kuingia, kabla ya kupandikiza.

Mzee wa Tebere amelipia tatu zilizobaki. Bado hajaomba radhi, lakini jana alinitumia picha ya kichala, akauliza: "Hiki kimepauka au bado?" Kilikuwa bado.