Kwa Baba, kuhusu chumba cha Houston

Houston, Texas

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yangu. Sisi huku wazima wote. Hela ya dawa zako na ya mbegu za alizeti nimemtumia Kaka. Presha naomba uipime kila wiki, usingoje hadi kichwa kiume.

Jumamosi nilikwenda kukiona kile chumba cha NASA kilichoongoza Apollo 13, safari ya Mwezini uliyotusimulia kwamba uliifuatilia redioni mwaka 1970. Tangu 2019 kimerudishwa kama kilivyokuwa, na wageni hukitazama wakiwa nyuma ya kioo. Meza zenye skrini ndogo zimepangwa safu kwa safu, juu yake majalada, vikombe vya kahawa, visahani vya majivu ya sigara. Baba, nilikuona wewe, zamu ya usiku pale stesheni ya reli ya Kintinku, na ile simu yako ya kukoroga.

Tangi la oksijeni lililipuka usiku wa Aprili 13, chombo kikiwa zaidi ya kilomita 320,000 kutoka duniani, na Lovell, Swigert na Haise wakiwa ndani. Aliyekuwa zamu chumbani humo upande wa umeme na hewa, Sy Liebergot, aliona namba zake zimevurugika, hata akadhani ni vipimo vimeharibika. Mkuu wa zamu, Gene Kranz, akawaambia watatue tatizo lakini wasilizidishe kwa kubahatisha. Muda si mrefu ikabidi waamue kufunga valvu za mitambo ya umeme ya chombo, ambazo zikishafungwa hazifunguki tena safarini, maana yake Mwezini hawatatua. Walizifunga. Mimi naona ndipo watu wale walipookolewa, pale wenzao walipokubali mapema kwamba safari imekwisha na kilichobaki ni kuwarudisha.

Kuna jambo utalielewa kuliko mimi. Chumba kizima kilikuwa na wataalamu, kila mmoja na meza yake, lakini aliyezungumza na chombo alikuwa mmoja tu, naye alikuwa mwanaanga mwenzao wale wa juu. Wengine wote walipitisha neno kwa mkuu wa zamu.

Wanaanga walihamia kwenye chombo kidogo cha kutulia Mwezini, kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wawili. Hewa chafu ikaanza kuzidi. Vichujio vya chombo kikubwa vilikuwa vya mraba, vya kile kidogo vya duara, havikuingiliana. Mafundi wa Houston wakakaa na vitu vilevile tu vilivyokuwa ndani ya chombo, yaani mifuko ya plastiki, majalada ya karatasi ngumu, bomba la suti na utepe wa gundi. Wakaunda kifaa, wakakijaribu, ndipo wakawasomea wale wa juu hatua kwa hatua. Kikafanya kazi. Aprili 17, baada ya zaidi ya dakika 4 za ukimya wa redio, sauti ikasikika, na wote watatu wakashuka salama Bahari ya Pasifiki.

Najua kwako chombo kilichoharibika njiani si hadithi. Juni 24, 2002, treni ya abiria iliporudi nyuma karibu na Igandu, Dodoma, ikaigonga ya mizigo, watu 281 wakafa, ulikaa uani mpaka jua likazama. Chakula hukugusa. Wakati ule sikujua ulikuwa unawaza nini. Sasa nadhani najua, na naiheshimu kazi yako kuliko ninavyoweza kuandika.

Kwa hiyo nina ombi. Mjukuu wako akija likizo, mwache akurekodi kwa simu. Msimulie treni ilivyopewa ruhusa ya njia kati ya stesheni za Saranda na Manyoni, nani aliruhusiwa kuzungumza na dereva, na mlifanya nini simu ikikatika usiku wa mvua. Usiruke kitu hata ukiona ni kidogo. Ya wale wa Houston yameandikwa yote. Ya kwenu yamo kichwani mwako na mwa wenzako wachache waliobaki.

Wasalimie wote hapo Kikuyu, Dodoma.

Mwanao akupendaye