Hatukung'oa Jino, Ila Kazi Tulifanya

"Mmekaa saa nzima, jino hamkung'oa, na ankara mmeleta!" Malalamiko haya hayaishi, na juzi msimamizi mmoja wa makao ya watu wenye ulemavu wa akili alituambia waziwazi kwamba tumemwibia. Basi sisi, madaktari wa meno tunaozuru makao kama hayo, tueleze.

Ziara ya kwanza ni ya kuzoeana. Mkazi anashika kioo chetu, anakizungusha mkononi, tunamgusa shavu, tunamhesabia meno ya mbele, tunamwacha. Tukirudi, wengi hufungua mdomo wenyewe. Hiyo ndiyo kazi mnayoilipia.

Njia ya mkato tunaijua: "Mshikeni tu, mmalize leo." Kuna kijana aliyeletwa kwetu baada ya kukandamizwa na watu wanne kwingineko akang'olewa gego. Akiona mswaki tu, anauma mikono ya mlezi. Alikuwa na tundu dogo la kuzibwa mara moja. Kwa kuwa hakuguswa tena, likafika kwenye mzizi, ikabidi alazwe hospitali apewe nusukaputi. Vipimo, mtaalamu wa usingizi, kushinda na njaa, kitanda. Sasa wekeni hesabu hiyo kando ya ankara yetu.

Mama mwingine alikuwa akijipiga shavu. Makao yakaona ni ukorofi, akaongezewa dawa za kumtuliza. Tulipomwangalia, chini ya gego kulikuwa na jipu. Na nyingi ya dawa hizo hukausha mate. Kinywa kikavu huoza upesi, hivyo alikuwa anatibiwa na kuharibiwa kwa mpigo.

Wenye kifafa wanaotumia fenitoini, ufizi unaweza kuvimba hadi ukafunika meno. Mlezi akiona damu anaacha kupiga mswaki, kumbe hapo ndipo pa kukazania, taratibu. Simama nyuma ya mkazi, kichwa chake kiegemee kifua chako, brashi ilale kuelekea ufizi. Kisha chungulia mashavuni: chakula hujificha humo.

Na pipi za kumbembelezea mkazi zikomeshwe. Hospitali ya Vipeholm, Uswidi, miaka ya 1940, iliwalisha wakazi wenye ulemavu wa akili pipi za kunata makusudi ili ione meno yakioza. Yalioza kweli, hasa ya waliokula kati ya mlo na mlo. Ukatili ule hauhitaji kurudiwa kwa nia njema.

Tukija, orodha ya dawa za kila mkazi iwe mezani. Bila orodha hatutibu mtu, na ziara tutaitoza.