Barua kwa Somo Yangu, Kutoka Madison

Madison, Wisconsin
Jumapili, 9 Februari 2025

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye barafu. Natumai wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kwamba Kidato cha Nne wa mwaka huu hawakutoi jasho kama wale wa mwaka jana. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila vidole vinapasuka kwa baridi, na yale mafuta ya nazi uliyonifungia yameganda chupani kama samli. Kila asubuhi nayaweka kwanza juu ya hita, ndipo yamiminike. Huku sasa ni saa nne usiku. Huko kwenu kumeshakucha, saa moja asubuhi, na bila shaka uko njiani kwenda kazini.

Uliniuliza ninaishije. Kazi yenyewe unaijua: mpango huu wa Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, ni wa miezi tisa, nafundisha Kiswahili hapa chuo kikuu na mwenyewe nasoma kozi mbili kila muhula. Darasa langu lina vijana kumi na mmoja. Wanakula darasani, wengine wanainua miguu juu ya kiti, na bado wanafanya kazi zote ninazowapa, tena kwa bidii. Saa zetu ziliwatesa sana. Mmoja nilimwambia aje ofisini saa nne Jumanne. Nikamngoja tangu asubuhi, yeye akatokea jioni, saa kumi, amefurahi kwamba amewahi. Siku hizi tumekubaliana kuwa ukishaingia mlangoni mwetu, saa ni za Kiswahili.

Pembeni ya chuo kuna Ziwa Mendota, ukubwa wake kama kilomita za mraba 39, nalo limeganda lote. Watu wanatembea juu yake, wanatoboa tundu kwenye barafu, wanakaa na ndoano kungoja samaki. Mimi mtoto wa Tanga, niliyezoea kuona ngalawa zikirudi na upepo, nilisimama ufukweni muda mrefu kabla sijathubutu kuweka mguu. Niliuweka hatimaye. Hatua ishirini, nikarudi. Wenyeji wameandika tarehe za kuganda na kuyeyuka kwa ziwa hili tangu miaka ya 1850, na kila mwaka wanaingojea tarehe hiyo kama sisi tunavyongojea mwezi uandame.

Lakini kilichonikalisha usiku huu ni jambo lingine, na nimeona haliwezekani kwenye WhatsApp.

Septemba, wiki ya kwanza kabisa, niliwaambia wanafunzi kwa kujiamini: “Jambo” ni salamu ya watalii, Mswahili hasa hasemi hivyo. Unajua tunavyopenda kuwaambia wageni maneno hayo. Kijana mmoja wa kiti cha nyuma akainua mkono. “Mwalimu, mama yangu iko nasema jambo kila asubuhi.” Mimi nikasikia “iko nasema” tu. Nikamsahihisha, “Mama yangu anasema,” nikaandika ubaoni, nikaendelea na somo. Swali lake sikulijibu.

Ikaja Desemba, mtihani. Niliwaambia waandike aya moja kuhusu familia. Yeye akaandika: “Mama yangu iko na batoto tano. Asubuhi anapika bugali na sombe.” Somo yangu, nilikaa na kalamu nyekundu nikaizungusha kila mahali. Iko, nikaandika ana. Batoto, watoto. Tano, watano. Bugali, ugali. Hata sombe nikaikata, nikaweka kisamvu. Alipata alama za chini kuliko binti aliyeanza Septemba bila neno hata moja, ambaye mpaka leo hawezi kuomba maji akiwa na kiu. Niliporudisha karatasi, wenzake walizitia mikobani. Yeye aliikunja ya kwake mara nne, akaisukumiza ndani kabisa ya mfuko wa suruali, hakunitazama.

Januari, baada ya likizo, alikuja ofisini. Alisimama mlangoni na koti lake, theluji ikimdondoka mabegani, akasema, “Mwalimu, mama iko nauliza kama Kiswahili yake iko mubaya.”

Sikuwa na jibu. Nilimkaribisha kiti, ndipo nikajua nisiyoyauliza muhula mzima: kwamba mama yake alikimbia vita Kivu ya Kusini, huko Kongo, akaishi miaka kumi na mitatu katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, na kwamba kijana mwenyewe kazaliwa humo, ndani ya nchi yetu. Alikuja huku ana miaka sita. Kiswahili alichonacho ni kile alichonyonya kwa mama yake, na yeye ndiye peke yake darasani kwangu mwenye mama wa kumsemesha.

Nilimkumbuka bibi yangu wa Tongoni. Unakumbuka siku aliyokuja shuleni kuniletea ada, alivyosema na mwalimu wa zamu kwa Kimtang'ata chake, lahaja ya kwao, na wenzetu wakamwiga wiki nzima? Nami nilicheka nao. Hili sijapata kumwambia mtu. Tena chuoni tulisomeshwa habari za kamati ya lugha ya 1930, jinsi Kiunguja kilivyofanywa msingi wa Kiswahili sanifu. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani, nikalijibu vizuri sana, wala sikujiuliza bibi yangu alibaki wapi katika hesabu hiyo.

Nikamwambia kijana, “Mwambie mama Kiswahili chake si kibaya, mwalimu ndiye aliyekosa. Na kama ataniruhusu, nitakuja nimwambie mwenyewe.”

Basi jana Jumamosi nilipanda basi hadi Milwaukee, mwendo wa kama saa moja na nusu hivi. Mama alifungua mlango kabla sijabisha, kitambaa kichwani, ananuka moshi wa vitunguu, akanishika mikono yote miwili. “Jambo, mwalimu!” Nikaitika, “Jambo sana, mama.” Hivyo ndivyo wanavyoitikiana kwao, kijana alinifundisha.

Akapakua. Ile sombe niliyoikata kwa wino mwekundu sasa iko mbele yangu, nyeusi inang'aa kwa mawese, na bugali pembeni. Nikamwambia sisi Tanga tunatia tui la nazi. Akaacha kutafuna. “Nazi? Mu sombe?” Akacheka mpaka akashika ubavu, akawaita watoto waje wasikie. Tulikula kwa mikono, sahani moja. Tangu Agosti sijala na mtu sahani moja. Aliniuliza habari za soko la Kasulu, kule Kigoma, kana kwamba niliondoka huko juzi, nikaona aibu kumwambia sijawahi kufika. Kisha akanisikiliza nikizungumza, akatikisa kichwa: “Weye unasema kama batu ya redio.” Alisema kwa upole tu, lakini limenikaa.

Tukiwa katikati ya chakula simu ikalia. Ana dada yake Bukavu, na tangu mji wa Goma ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa mwezi uliopita, simu hiyo haimtoki mkononi. Alisimama karibu na dirisha. Dada yake alikuwa anasema kwa haraka, wanajiuliza waondoke au wabaki, barabara ipi bado inapitika, batoto wamelala wapi. Mama akawa anamjibu taratibu, akirudia, “Tuko, yaya. Tuko pamoja.” Yaya kwao ni dada mkubwa. Sauti ilikuwa kubwa, simu ile ya zamani. Nilielewa kila neno.

Mtihani bado nautaka kwa sanifu, nisikufiche. Wanafunzi hawa watasoma vitabu na magazeti yaliyoandikwa kwa sanifu, nami nimeajiriwa kwa hilo. Ila kesho karatasi ile ya Desemba nairudia upya. Ninapotaka neno la sanifu nitaliandika kwa penseli ubavuni, na la mama litabaki limesimama bila kukatwa. Na Ijumaa kijana atakuja mbele awafundishe wenzake salamu za kwao, kuanzia jambo. Nimemwomba, amekubali, ingawa amesema nisimwite mwalimu.

Nataka unishauri, maana wewe una watoto wanaotoka Pangani, Lushoto, Muheza, kila mmoja na msemo wake. Unafanyaje na daftari zao? Niambie kweli, si kunifariji.

Na nina ombi. Ukienda Ngamiani nichukulie doti moja ya kanga ya mama huyu, nyekundu au ya chungwa, anapenda rangi zinazowaka. Mpe yule jamaa yetu anayekuja huku mwezi wa nne, nitakurudishia hela. Jina la kanga chagua wewe. Lisiwe la mafumbo wala la kumpiga mtu kijembe, tafuta lenye dua ndani yake.

Wasalimie wote nyumbani, na mama mpelekee shikamoo yangu.

Somo yako.