Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Uangalizi wa Uchaguzi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, wakufunzi wetu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika hafla yetu, na tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kutusikiliza.

Mheshimiwa, mwanzoni tulifundishwa kazi ambayo macho yanaitosha: kushuhudia sanduku likionyeshwa kuwa tupu, likifungwa kwa lakiri, kisha jioni kura zikiinuliwa moja moja mawakala wakihesabu. Tulipofika kwenye somo la mashine, macho yalikosa kazi. Mpiga kura anabonyeza, taa inawaka, jioni karani anasoma jumla. Yaliyotokea katikati hakuna aliyeyaona, hata karani mwenyewe.

Wapo wanaotuambia kwamba tunaziamini kompyuta za benki, basi tuziamini na za kura. Hatukubaliani nao. Mwenye akaunti hupata taarifa yenye jina lake, na fedha zikipungua atadai. Kura ni siri. Ikishapigwa haina mwenyewe, na hakuna awezaye kurudi kesho kuikagua. Mwaka 2003 huko Schaerbeek, Ubelgiji, kompyuta ilimwongezea mgombea mmoja kura 4,096. Kosa liligundulika kwa kuwa jumla yake ilizidi kura alizoweza kupata. Je, zingeongezeka 64 tu, nani angeshtuka? Swali hilo tulilijadili siku nzima.

Tarehe 3 Machi 2009 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliamua kwamba hatua muhimu za uchaguzi lazima raia aweze kuzihakiki bila utaalamu wa pekee. Hapo ndipo tunaposimama. Namibia ilitumia mashine zisizotoa karatasi tangu 2014, na Februari 2020 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikasema hapana. India, mpiga kura huiona karatasi yenye chaguo lake nyuma ya kioo kwa sekunde 7 kabla haijadondoka sandukuni. Nayo Kenya, mwaka 2022, iliweka Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais, za vituo zaidi ya 46,000 kwenye intaneti, mwananchi yeyote akaweza kujumlisha mwenyewe.

Katika zoezi la mwisho tuliloshiriki, baadhi yetu tuliwekwa chumba cha pili tukitazama skrini, huku matokeo yakijumlishwa nyuma ya mlango uliofungwa. Tulitia saini kwamba tulikuwepo. Kusema kweli, tulichoangalia ni skrini.

Kwa kuwa umo katika kamati inayopitia sheria ya uchaguzi, tunakuomba utubebee jambo moja zito: kila kura ya mashine iwe na karatasi aliyoiona mpiga kura, na baada ya upigaji kura vituo vichaguliwe kwa bahati nasibu hadharani, karatasi zake zihesabiwe kwa mkono mbele ya mawakala na waangalizi kabla ya mshindi kutangazwa. Bahati nasibu isifanyike mapema, maana kituo kinachojulikana kitakaguliwa ni rahisi kukiandaa. Hesabu zikipishana, sheria itamke kwamba karatasi ndiyo inayoshinda. Programu nazo zikaguliwe na wataalamu wa nje, ingawa ukaguzi huo hauwezi kuchukua nafasi ya karatasi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wahitimu.